Kindle ya Maalim haijafa

Maalim mmoja mstaafu wa hapa Wete aliniletea Kindle yake, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ya mwaka 2010, ile yenye vitufe vya herufi chini ya kioo, kaifunga kwenye kipande cha kanga. "Mwanangu, hii imekufa. Chaji haimalizi siku mbili, na dukani haiingii tena." Nikamwambia, "Haijafa, Maalim. Niachie mpaka kesho."

La duka la vitabu la Amazon ni kweli. Tangu Agosti 2022 Kindle za umri huo haziwezi kununua kitabu zenyewe, na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa pia njia ya kupakua kwenye kompyuta kitabu ulichonunua ili ukihamishe kwa waya. Lakini kusoma hakutegemei duka. Kioo chake ni cha wino wa kielektroniki: chembe nyeusi na nyeupe hujipanga unapofungua ukurasa, kisha hukaa hapo hapo bila kula umeme. Ndiyo maana chaji moja hufika wiki kadhaa. Ikiisha kwa siku mbili, ujue kuna kazi inaendelea ndani usiyoiona.

Wengi hapo hukimbilia betri mpya. Mimi huanza kwa kuzima Wi-Fi, kisha natazama faharasa. Kila kitabu kinachoingia, Kindle hukisoma neno kwa neno ili uweze kutafuta humo baadaye. Faili likiwa bovu, hukwama hapo na kurudia usiku na mchana. Niliandika kwenye sehemu ya kutafutia neno lisilo na maana, "zzqxk". Likatoka jibu kwamba kuna kitabu kimoja bado hakijaingizwa kwenye faharasa. Nikakifuta, nikaiwasha upya, na ulaji wa chaji ukatulia.

Kama si hilo, ndipo fungua mgongo. Penyeza kadi ya plastiki ukingoni, usitumie bisibisi. Betri imeshikwa na skrubu mbili tu. Ukiikuta imevimba usiibonyeze wala usiichaji tena, tafuta nyengine. Tundu la chaji nalo huliwa na hewa yetu ya chumvi. Likiota ukungu wa kijani, izime kwanza, kisha lisugue taratibu kwa mswaki mkavu wenye tone la spiriti na uliache likauke kabisa.

Usikubali fundi akuambie "tuirudishe kama ilivyotoka kiwandani". Vitabu vyote vitafutika, na mashine ya umri huu inaweza isikubali kusajiliwa tena.

Vitabu vipya vya nje ya duka hilo vinaingia kwa waya. Kwenye kompyuta weka Calibre, programu ya bure ya kupanga na kugeuza vitabu, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Kindle hii haisomi EPUB, aina ya faili ambayo vitabu vingi vya kielektroniki huja nayo, kwa hiyo igeuze iwe MOBI, aina ambayo Kindle hii huisoma. PDF iliyopigwa picha kurasa zake haigeuki vizuri, maana ndani hamna herufi, mna picha. Maalim ana vitabu vyake vya Kiarabu, na hivyo nimeviacha katika PDF kwa makusudi, kwa kuwa mashine za zamani hizi huvuruga maandishi ya kulia kwenda kushoto. Akiilaza ubavu, mistari inasomeka bila ya kukaza macho.

Alitaka nimtilie vitabu 60 kwa mpigo. Nimemtilia vinne, nikamwomba ailaze kwenye chaja usiku mzima imalize faharasa kwanza, kisha aje tuongeze vyengine.