Kudesa aikoni ndo nini hasa?

Kila apu mpya ikitoka lazima atokee mtu aseme "hawa wameiba aikoni", na mara nyingi anayesema hivyo anachanganya wazo na mchoro. Kudesa aikoni maana yake umechukua mchoro wa mtu mwingine ukauweka kama umechora wewe. Mchoro, sio wazo. Bahasha kumaanisha barua pepe, lenzi kumaanisha kutafuta, ile diski ya zamani kumaanisha kuhifadhi (watoto wa leo hata hawajawahi kuishika mkononi), hivyo havina mwenyewe, maana usipochora bahasha mtu atajuaje kwamba hapo ndo kwenye barua. Ila bahasha yako ikiwa na pembe zilezile, kivuli upande uleule, unene wa mstari uleule, na hadi kile kikosa alichokifanya mchoraji wa kwanza nacho kipo, hapo umedesa mpaka jina la mwenzio.

Alafu ukubwa wa picha nao una maneno yake. Susan Kare, mchoraji wa Apple, alivyochora aikoni za kompyuta yao ya Macintosh ya 1984 alikuwa na vyumba 32 kwa 32, yaani vidoti 1,024 tu, cheusi au cheupe basi, kwahiyo watu wawili wasiojuana wakichora pipa la taka kwenye nafasi ndogo hivyo lazima yafanane. Na ile alama ya ⌘ kwenye kibodi za Apple hakuibuni yeye, aliikuta kwenye kitabu cha alama, nchi za Skandinavia wanaiweka barabarani kuonyesha sehemu za kihistoria. Mimi huo siuiti wizi, alama ya umma hiyo na hajawahi kuficha alikoitoa.

Mahakamani nako hawakurupuki. Apple waliwashtaki Microsoft na HP mwaka 1988 kwamba wamekopi muonekano wa Macintosh, wakashindwa karibu kila kitu, sehemu kubwa ya vitu walivyolalamikia kumbe walishavitolea leseni wenyewe 1985, kilichobaki mkononi ni pipa la taka na folda za programu ya HP iliyoitwa NewWave. Na folda zenyewe kampuni ya Xerox walishaziweka kwenye kompyuta yao ya Star tangu 1981! Kesi ya Apple na Samsung ya 2012 ilikuwa tofauti, hapo Susan Kare mwenyewe alisimama upande wa Apple akasema alishawahi kuchukua simu ya Samsung mezani akidhani ni iPhone, yaani shida haikuwa aikoni moja, ilikuwa mpangilio mzima wa zile aikoni za rangi kwenye skrini.

Kitu kingine watu wanakosea, wizi wa aikoni na kuvunja hakimiliki sio kitu kimoja. Ukichukua aikoni bila ruhusa ukaandika kabisa "hii kachora fulani", umevunja hakimiliki ila hujadesa. Ukinunua seti kihalali alafu ukamwambia mteja umeichora usiku kucha, leseni inaweza isikuguse ila umedesa bana. Hata za bure zina masharti, aikoni za bure za Font Awesome (seti ya aikoni inayotumika sana kwenye tovuti) kwa mfano ziko chini ya CC BY 4.0, yaani leseni ya kutumia bure kwa sharti la kumtaja mwenye kazi, unaweza kuziweka hadi kwenye apu ya biashara ila maelezo ya nani kazitengeneza yanatakiwa yabaki, na yale maandishi ya leseni mle ndani ya faili ndo kitu cha kwanza watu wanafuta eti faili liwe jepesi.

Kumkamata mtu sio kazi ngumu sana. Aikoni nyingi siku hizi ni SVG, aina ya faili la picha, na SVG ukiifungua ni maandishi tu, namba za wapi mstari unaanza na wapi unakata kona. Watu wawili wanaweza wakachora kengele zinazofanana kwa macho, lakini namba zote zikifanana hadi desimali ya tatu, hapo hata akibadilisha rangi na jina la faili hana pa kutokea.