Bakuli juu ya mizani

Tangu sisi wakaguzi wa vipimo tuanze kampeni ya kukagua mizani katika masoko ya wakulima, malalamiko yanatufikia kutoka pande mbili. Wanunuzi wanasema wanapunjwa. Wauzaji wanasema tunawaharibia undugu waliojenga na wateja wao kwa miaka.

Undugu huo tunauheshimu. Anayenunua kwa mkulima yuleyule kila wiki hujua mvua imechelewa kabla hajasikia kwenye taarifa ya habari, na mkulima naye hujua nani kafiwa, nani kapata mtoto. Soko la Pike Place, Seattle, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1907 bei ya vitunguu ilipopaa na lawama zikawaangukia madalali. Ilitakiwa mnunuzi na mkulima wakutane ana kwa ana. Ndiyo maana anayejumua mzigo kwingine kisha akajiita mkulima anakosea hata kama mizani yake ni sahihi. Kuuza auze, ila aseme ametoa wapi.

Majuzi nilisimama kando ya meza moja. Bakuli la gramu 200 lilikuwa juu ya mizani, mshale haujarudishwa sifuri, na mama mmoja anaulizwa habari za mjukuu huku akipokea "kilo" yenye gramu 800. Muuzaji hakuwa mwizi. Bakuli alilisahau tu. Lakini mteja akigundua mwenyewe, harudi, wala hasemi kwa nini.

Utaratibu ni huu. Mizani ya biashara huhakikiwa na kuwekwa alama ya uhakiki yenye muda maalumu. Muda ukiisha, inaletwa tena. Ikitengenezwa na fundi, inaletwa tena kabla ya kutumika, hata kama kilichobadilishwa ni springi moja. Lakiri, yaani muhuri unaoonyesha mizani haijafunguliwa, ikikatika, mizani huhesabiwa haijahakikiwa, na kusema "lakini inapima sawa" hakusaidii. Adhabu hutegemea sheria ya nchi husika: inaweza kuwa onyo la maandishi, faini, kuzuiliwa kwa mizani au kufikishwa mahakamani. Kwa kosa la bakuli, kwa kawaida mimi huanza na maelekezo. Nikilikuta mara ya pili, naandika.

Na tafadhali, alama yetu inahusu uzito tu. Haisemi mboga haikupuliziwa dawa. Tumeulizwa hili mara nyingi mno. Ukitaka kujua, muulize mkulima alipulizia lini mara ya mwisho na lebo ya dawa inataka zipite siku ngapi kabla ya kuvuna. Mkulima makini hujibu bila kununa, na mara nyingi mazungumzo ya namna hiyo ndiyo huzaa mteja wa kudumu.

Ukihisi umepunjwa, usiondoke sokoni. Omba mzigo upimwe upya mbele yako, bakuli likiwa pembeni. Msipoelewana, nendeni wote wawili kwenye ofisi ya soko. Mizani ya jikoni kwako si ushahidi, na mzigo ulioliwa nusu hatuwezi kuupima, ingawa tumeletewa.