Kichwa kipya cha visu kwenye kombaini: tunayoambiana karakanani na ukweli wake

Kombaini ni mashine ya seremala asiye na nafasi. Banda letu la Jang'ombe au la Wete haliwezi kubeba randa peke yake, thiknesa (mashine ya kusawazisha unene wa mbao) peke yake, msumeno wa meza peke yake na mashine ya kutobolea matundu ya ndimi pembeni. Kombaini huziweka zote kwenye mwili mmoja. Moyo wake ni kichwa cha visu, ile shafti nene iliyolala kati ya meza mbili, ambayo kwa mashine nyingi huzunguka kati ya mara 4,000 na 6,000 kwa dakika.

Siku hizi mafundi wengi wanatamani kutoa kichwa cha zamani chenye visu virefu na kuweka cha spairo, chenye vijisu vya mraba vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, vilivyojipanga kama kamba ya usumba iliyozungushwa kwenye nguzo. Nimeshabadilisha kwenye mashine yangu na nikasaidia kwenye mbili nyingine, moja hapa Unguja na moja Pemba. Kote nimekuta maneno yaleyale, na baadhi yake yanaharibu mashine. Mengine yanakata vidole.

"Upana ukilingana, kitaingia"

Hili ndilo linalopoteza pesa za watu. Fundi anapima upana wa meza, anaagiza kichwa cha upana huo, kinafika kwa boti kutoka Dar, hakiingii. Au kinaingia, na hapo ndipo pabaya zaidi.

Kipimo kikubwa ni kipenyo cha duara la ukataji, yaani duara linalochorwa na ncha za visu zinapozunguka. Kuna vipenyo vya shingo mbili zinazokaliwa na beringi, urefu kutoka bega la shingo hii hadi bega la shingo ile, na mwisho wa shafti upande wa puli: una mfereji wa kabari (kijiti cha chuma kinachoizuia puli isiteleze) wa ukubwa gani, na nati yake inafunguka upande gani? Baadhi ya mashine zina nati ya kushoto, inayofunguka kinyume na nati za kawaida. Nimeona mtu akiining'inia spana mpaka uzi ukaharibika, kumbe alikuwa anakaza.

Fikiria kichwa kipya kimezidi kipenyo kwa milimita 2 tu. Ncha zitapanda milimita 1 juu na kushuka milimita 1 chini. Upande wa juu unaweza kushusha na kupandisha meza. Chini, kwenye thiknesa, rola linaloingiza mbao hupangwa liwe chini kidogo ya duara la ukataji, mara nyingi milimita 1 au pungufu, ili liibane mbao kabla visu havijaigusa. Duara likishuka milimita hiyo moja, rola halibani tena. Mbao inasimama katikati, visu vinaisugua mahali pamoja mpaka inaungua. Fundi anabadilisha mkanda, anabadilisha mota, anamlaumu mwenye duka.

Kwa hiyo toa kwanza kichwa cha zamani, kipime kwa venia (kipimo chenye taya cha kupimia vipenyo), andika kila kipimo kwenye karatasi pamoja na mchoro, ndipo uagize. Kombaini za jina moja zilizotoka kiwandani miaka tofauti zinaweza kuwa na shingo tofauti kabisa.

"Fundi mkereza wa mtaani atakutengenezea, ni chuma tu"

Nawaheshimu sana wakereza chuma wetu. Wamenitolea shafti nyingi za mashua na puli zisizopatikana. Lakini kichwa cha visu nisingewapa, na nawaomba wenzangu msiwape.

Tupige hesabu. Kisu kirefu cha kawaida cha randa, sentimita 26 kwa urefu, kina uzito wa gramu 125 hivi. Kikikaa kwenye kichwa cha kipenyo cha milimita 70 kinachozunguka mara 5,000 kwa dakika, kinavutwa nje kwa nguvu inayokaribia mzigo wa kilo 90. Ni karibu mifuko miwili ya saruji inayojaribu kung'oa kile kipande kutoka ulipokiweka, kila wakati mashine inapowaka, na tumbo lako liko usawa huohuo. Chuma cha kuokota bandarini ambacho hujui kiliumbwa vipi, mifereji iliyokatwa kwa kukisia, mzani usiopimwa: hapo ufundi wa mkono hautoshi. Nunua kichwa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kilichoandikwa mwendo wake wa juu kabisa.

"Beringi bado nzima, zirudishe"

Beringi hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kichwa, na kuzifikia ni kazi ya nusu siku. Ukishafika huko, weka mpya. Namba imeandikwa ubavuni: 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15. Tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo ukizizidisha kwa tano unapata tundu, kuanzia 04 kwenda juu. Hapa kwetu upepo wa bahari na vumbi la mbao vikikutana ndani ya beringi, kutu haichelewi, kwa hiyo tafuta zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili.

Na nyundo weka mbali. Beringi inayokwenda kwenye shafti husukumwa kwa duara lake la ndani, taratibu, kwa bomba linalolitosha duara hilo. Ukigonga duara la nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Wiki mbili baadaye mashine inalia, na mbao inatoka na mawimbi.

"Kijisu kikilegea ni hatari, basi kaza mpaka skrubu ilie"

Nusu ya kwanza ya maneno haya ni kweli. Lakini kabaidi ni ngumu na haina unyumbufu. Ukiikaza kupita kiasi inapasuka, ama papo hapo ama siku ya kwanza ya kazi. Vichwa vingi vinataka nguvu ya nyutoni-mita 5 hadi 6. Soma karatasi iliyokuja na chako, na ikibidi azima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Kinachopuuzwa zaidi ni usafi wa kikao cha kijisu. Nilipomaliza kubadilisha changu, nilipitisha ubao wa mkongo ukatoka laini kama kigae, isipokuwa mstari mmoja uliozama, mwembamba kama uzi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubao wa pili ukawa na mstari uleule mahali palepale. Nilidhani kijisu kimeng'oka pembe. Nikakifungua, nikakigeuza kwenye mwanga: pembe zote nne nzima. Kikaoni palikuwa na utando wa vumbi la mkongo uliogandamizwa, si mnene kuliko ganda la kitunguu. Huo ndio uliokiinua kijisu kiasi cha kuchora mbao. Nikasafisha kwa mswaki wa meno na mafuta ya taa, nikakausha, nikarudisha, mstari ukapotea. Sasa kila ninapogeuza kijisu nasafisha kikao, uso wa chini wa kijisu na kichwa cha skrubu, hata kama naona ni safi.

"Kabaidi haiishi makali, inakata hata msumari"

Kabaidi hudumu mara nyingi zaidi kuliko chuma cha haispidi, kile cha visu virefu, hilo sipingi. Kwenye mnazi, ambao hula makali vibaya, na kwenye msaji wenye chembe za silika, utaiona tofauti mwezi wa kwanza. Kila kijisu kina makali manne: likichakaa moja unageuza robo mzunguko. Weka alama ya kalamu kwenye pembe moja ya vijisu vyote ili ujue uko kwenye kali la ngapi. Yakiisha yote manne, weka kipya.

Lakini msumari haukatwi. Sisi hapa tuna tabia nzuri ya kutengeneza meza na vitanda kwa mbao za majahazi yaliyovunjwa, na watalii wanazipenda. Mbao hizo zimejaa misumari ambayo vichwa vyake vimeliwa na chumvi vikaisha, na shina limebaki ndani. Mkono hauwezi kulihisi. Tazama rangi: chuma kikikaa ndani ya mbao yenye tanini huacha doa jeusi linalofuata nyuzi. Pale penye weusi, chimba kwa patasi, usingoje sumaku ikuambie.

Mvule nao una mtego wake, na huu haushikwi na sumaku. Mti huo hujiwekea ndani mawe ya chokaa, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine makubwa kuliko kiganja. Mbao iliyozunguka jiwe mara nyingi huwa nyeusi kuliko nyingine. Jiwe moja linatosha kung'oa pembe za vijisu vitatu vinne. Uzuri wa spairo ni kwamba unageuza hivyo vinne tu. Kwa visu virefu ungevitoa vyote kwenda kunoa. Lakini hiyo si ruhusa ya kupitisha mbao bila kuikagua.

"Kwa kichwa hiki nitakula milimita tano kwa mara moja"

La. Vichwa vingi ambavyo vijisu vyake vimelazwa mshazari hutaka nguvu zaidi, si pungufu, kwa kina kilekile cha ukataji. Ukiwa na mota ya fezi moja na umeme wako hushuka jioni watu wakiwasha mafeni, mota itanguruma na kupata moto. Punguza kina, pitisha mara mbili. Faida ya spairo iko kwenye uso wa mbao: mfenesi wenye nyuzi zinazopishana, ambao zamani ulinyofoka hata visu vikiwa vipya, sasa unatoka tayari kwa msasa mwembamba. Na kelele inapungua sana. Wengine kwa sababu hiyo wameacha kuziba masikio. Msumeno wa kombaini hiyohiyo haujapungua kelele hata kidogo.

"Meza sikuzigusa, kwa hiyo ziko sawa"

Kwa visu virefu tulizoea kupanga visu vifuate meza ya kutokea, ile inayopokea mbao ikishapita kwenye visu. Vijisu vya mraba havipandi wala havishuki, vinakaa pale kiwanda kilipoviweka. Kwa hiyo sasa meza ndiyo inayokifuata kichwa, na kama hukuigusa hujamaliza kazi.

Meza ya kutokea lazima iwe usawa mmoja na ncha ya kijisu inapofika juu kabisa, upande wa kushoto na wa kulia. Ikiwa chini, mwisho wa ubao unaanguka kwenye visu na kuacha kishimo, sentimita chache kabla ya kuisha. Ikiwa juu, ubao unagonga ukingo au unatoka umechongeka kama kabari. Fundi wa Pemba niliyemsaidia alikuwa ameunganisha ubao wa mlango kwa gundi mara mbili na mara mbili umeachia. "Ami, gundi za siku hizi ni maji," akaniambia. Tukaweka vipande viwili alivyoviranda ubavu kwa ubavu, tukavitazama dhidi ya mwanga wa mlango: katikati vimegusana, miishoni panapita karatasi. Tukarekebisha skrubu za meza kwa muda wa saa moja, tukipima kwa geji ya mshale. Gundi ileile ikashika.

Usiye na geji tumia kijiti cha mbao kilichonyooka, kilale kwenye meza na kuvuka kichwa, kisha zungusha kichwa kwa mkono polepole. Rula ya chuma usiilaze hapo. Kabaidi na chuma vikigongana, kabaidi ndiyo inayopoteza. Chini, kwenye thiknesa, pitisha vipande viwili vyembamba vya mbao kwa pamoja, kimoja kila upande, kisha vipime unene. Vikitofautiana, meza na kichwa havijalala sambamba.

"Nimezima swichi, inatosha"

Chomoa waya ukutani. Umeme wetu hukatika na kurudi bila kubisha hodi, na swichi ya zamani isiyojiachia yenyewe umeme unapokatika itaiwasha mashine mkono wako ukiwa ndani. Kwa wenye fezi tatu kuna jambo jingine: waya mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume. Baada ya kufungua na kurudisha waya, washa na kuzima mara moja, ukiwa umesimama pembeni bila mbao, na utazame kichwa kinaelekea wapi kinapopunguza mwendo. Kwenye randa ya juu makali yanatakiwa kuja kwako unaposimama mahali pa kusukumia.

"Kichwa cha zamani ni chuma chakavu"

Mimi changu nilikipaka grisi, nikakifunga kwa plastiki na gunia pamoja na beringi moja nzuri iliyobaki. Mwaka wa pili bahari ilichafuka, vijisu nilivyoagiza vikakwama ng'ambo siku tisa, na nilikuwa na kabati za skuli za kumaliza. Vipimo vyote vilikuwa kwenye ile karatasi yenye mchoro, kwa hiyo kukirudisha kulinichukua asubuhi moja, meza zikiwemo.