Jeni zinazoruka si majini

Jumamosi moja nilikuwa Nyamakima kununua mahindi ya githeri, gorogoro mbili. Nilipoyachota mkononi kuangalia kama yana fukusi, nikakuta punje moja ya ajabu: nyeupe, lakini imenyunyiziwa madoa ya zambarau. Mengine madogo kama ncha ya sindano, moja limetanda karibu robo ya punje.

"Itupe hiyo, mwalimu," mama mwenye duka akaniambia. "Hiyo ni GMO."

Nikamjibu si GMO, mama, hizo ni jeni zinazoruka. Kijana wa mkokoteni aliyekuwa akipakia magunia akasimama wima. "Majini yameingia mpaka kwa mahindi?"

Tulicheka, lakini sikumlaumu. Kati ya jeni na jini kuna herufi moja tu, na katika miaka yangu ya kufundisha biolojia hapa Nairobi nimeona watu wakisikia ile ya pili hata ukitamka ya kwanza polepole. Basi niyaweke hapa yale ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

"Punje yenye madoa ni GMO"

Madoa hayo ni ya kale kuliko GMO zote. Wanasayansi walianza kuingiza jeni za kigeni kwenye mimea miaka ya 1980. Barbara McClintock alikuwa akichunguza mahindi ya madoadoa katika maabara ya Cold Spring Harbor, jimbo la New York, tangu miaka ya 1940, na mwaka 1950 akachapisha alichokiona.

Alichokiona ni hiki. Jeni inayotengeneza rangi ya zambarau imezibwa: kipande cha DNA (maandishi ya urithi ndani ya seli, ambayo jeni ni sehemu zake) kimejichomeka katikati yake, kama mtu aliyeketi mlangoni wenye nyumba wasipite. Ndiyo maana punje inabaki nyeupe. Lakini punje ikiendelea kukua, katika seli moja kipande kile huchomoka na kwenda kukaa kwingine. Jeni hurudia kazi yake, na seli hiyo pamoja na watoto na wajukuu wake wote huwa wa zambarau. Kikichomoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa nukta tu. Kwa hiyo punje niliyoishika mkononi ilikuwa kama saa: ukubwa wa kila doa unakwambia kipande kilihama lini. McClintock aliisoma saa hiyo kwa macho na hadubini, kabla hata umbo la DNA halijajulikana mwaka 1953. Wenzake wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel alipewa 1983, peke yake, akiwa na miaka 81.

(Punje iliyo zambarau yote ni hadithi nyingine. Mara nyingi jirani amepanda mahindi ya asili, yale wazee wa Mlima Kenya wanayaita githigu, na upepo ukaleta chavua.)

Mahindi ya GMO yaliyozua kesi mahakamani baada ya baraza la mawaziri kuondoa marufuku Oktoba 2022 huwezi kuyatambua kwa macho. Na anayeogopa kula vipande vinavyohama ajue kwamba takriban asilimia 85 ya DNA ya mahindi, hata haya meupe tuliyoyazoea, ni vipande vya namna hiyo au masalia yake. Umevimeza kwa mabilioni katika kila tonge la ugali, na tumbo likavisaga kama linavyosaga vingine.

"Hayo ni mambo ya mimea"

Rasimu ya kwanza ya jenomu, yaani DNA yote, ya binadamu ilipochapishwa mwaka 2001, ilionyesha kwamba karibu asilimia 45 ya DNA yetu imetokana na vipande hivi. Nitaviita vihamaji. Chukua ploti yenye nyumba 100. Jeni zinazotengeneza protini, zile tunazozisifu darasani, hazijazi hata nyumba mbili. Kihamaji kiitwacho LINE-1 kimekalia nyumba 17, kikiwa na kopi zaidi ya 500,000. Kingine kidogo, Alu, chenye herufi za DNA kama 300 tu, kina kopi zaidi ya milioni moja na kimejaza nyumba 10 hivi. Nyumba 8 ni masalia ya virusi vya kale. Ukiniuliza landilodi ni nani, nitababaika.

"Kwa hiyo zinaruka ndani yangu saa hii"

Sehemu kubwa ya vihamaji hivyo ni maiti. Vimekatika, vimebadilika herufi, haviwezi tena kwenda popote. Katika zile kopi nusu milioni za LINE-1, zinazoweza kujizalisha kwa mtu mmoja ni kama 80 hadi 100.

Tena neno "kuruka" linapotosha. Vile vya mahindi ya McClintock hukatwa hapa na kubandikwa pale. Aina hiyo kwetu ilikufa mamilioni ya miaka iliyopita, ingawa baadhi ya popo bado wanayo ikiwa hai. LINE-1 hufanya kazi ya kibanda cha fotokopi: karatasi yako inabaki pale pale, kopi ndiyo inayoondoka. Kwanza DNA yake hunakiliwa kuwa RNA, nakala ya muda. RNA hiyo hutengeneza protini mbili, na mojawapo hukata DNA ya seli mahali fulani, kisha hapo hapo hugeuza RNA kuwa DNA tena na kuishonea. Mashine hii ina kituko chake: huanza kunakili kutoka mwisho wa barua kwenda mwanzo. Ikikwama katikati, na hukwama mara nyingi, kopi hutoka bila kichwa na haiwezi kunakiliwa tena. Ndiyo sababu tumejaa maiti.

Alu haina mashine kabisa. Hudandia ya LINE-1, kama kijana anayening'inia mlangoni mwa matatu bila nauli, na bado imetuzidi wote kwa uzazi. Makadirio ni kwamba mtoto mmoja kati ya 20 hadi 40 huzaliwa na Alu mpya ambayo baba na mama hawana. Kwa kawaida huangukia mahali pasipo na kazi na hakuna anayejua ipo.

"DNA hutoka kwa wazazi tu"

Karibu kila mara, ndiyo. Lakini muulize ng'ombe. Karibu robo ya DNA yake ni kihamaji kiitwacho BovB na masalia yake, na ukiacha mbuzi, kondoo na wacheuaji wenzake, ndugu wa karibu wa BovB hawapatikani kwa wanyama waliomkaribia ng'ombe kiukoo, bali kwa nyoka na mijusi. Kilivuka kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine zama za kale, na mshukiwa mkubwa ni kupe, anayenyonya huku na kule. Kumbuka hilo ukiwa Kenyatta Market unangoja nyama choma yako.

"Ni takataka" na "kila herufi ina kazi"

Hizi ni dhana mbili, na zote zina makosa. Neno takataka, kwa maana ya DNA isiyo na kazi, lilienezwa na mwanasayansi Susumu Ohno mwaka 1972, na kwa miaka mingi walimu tulilirudia bila kufikiri. Kisha upepo ukageuka, sasa nasikia hata kwenye mahubiri kwamba sayansi imethibitisha kila kipande cha DNA kina kazi yake. Haijathibitisha.

Kilichothibitishwa ni kwamba baadhi ya vihamaji vilishikwa vikapewa kazi. Mfano ninaoupenda ni kondo la nyuma. Safu ya seli inayogusana na damu ya mama imeungana ikawa kitu kimoja, bila mipaka kati ya seli na seli. Protini inayoziunganisha, sinsitini, iligunduliwa mwaka 2000 kuwa imetokana na jeni ya koti la kirusi cha kale. Kirusi kiliitumia kujiunganisha na seli ili kiingie, nasi tunaitumia kujenga kondo. Kingamwili nazo: vimeng'enya vinavyokata na kupanga upya jeni zake, RAG1 na RAG2, vina asili ya kihamaji cha kukata na kubandika. Na mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba Alu moja ndani ya jeni iitwayo TBXT ilichangia sokwe na binadamu kukosa mkia.

Lakini hiyo ni michache. Ukipata squatter mmoja aliyegeuka kuwa mlinzi mzuri wa ploti, huwezi kusema squatters wote milioni moja ni walinzi.

"Kama tuna virusi kwenye DNA, basi HIV nayo hurithiwa"

La. Virusi vile vya kale viliingia kwenye mayai au mbegu za kiume za mababu zetu, ndiyo maana kila mtu anavyo. HIV pia hujiandika kwenye DNA, lakini ya seli za damu na kinga. Mtoto huipata kwa damu wakati wa ujauzito au kuzaliwa, au kwa maziwa ya mama. Hairithiwi kama rangi ya macho. Mama anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na HIV, na kliniki zetu zinaona hivyo kila wiki. Anayetaka kuona kirusi kikiingia kwenye urithi sasa hivi amtazame koala wa Australia. Kuna retrovirusi (kirusi kinachojiandika kwenye DNA) inayofanya hivyo kwao katika zama zetu hizi.

"Ugonjwa wa kurithi lazima utoke kwa ukoo wa mtu"

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inavunja nyumba. Mtoto wa kiume anatahiriwa, damu haikatiki, kipimo kinaonyesha hemofilia. Kesho yake shangazi zake wanauliza: kwa kina mama yake kuna nini?

Mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake huko Marekani walichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia A. Kwa wavulana wawili wasio na undugu walikuta kitu kisichotarajiwa: kipande cha LINE-1 kimejichomeka ndani ya jeni ya protini ya kugandisha damu, ile iitwayo faktari ya 8. Wazazi wao hawakuwa na kipande hicho mahali hapo. Kopi ilitolewa upya, ikaangukia pabaya. Baadaye, kwa mmoja wao, ile karatasi iliyotolewa kopi ikapatikana imetulia kwenye kromosomu ya 22 ya mzazi, haina kosa lolote. Hakukuwa na laana wala damu mbaya ya upande wowote. Karibu theluthi moja ya hemofilia hutokea katika familia isiyo na historia yake, ingawa mara nyingi kosa ni la aina nyingine, si la kihamaji.

Maana hapo pia kuna chumvi inayoongezwa. Magonjwa zaidi ya 100 yamefungamanishwa na vihamaji vilivyoangukia ndani ya jeni, lakini hayo ni chini ya moja kwa mia ya mabadiliko yote yanayoleta magonjwa. Selimundu, ambayo wanafunzi wangu wa pwani na Nyanza wanaijua kwa majina ya ndugu zao, ni herufi moja tu iliyobadilishwa. Hakuna kilichohama.

Vihamaji huumiza kwa njia nyingine isiyosemwa sana. Alu zikifanana mno na kukaa karibu, seli inapotengeneza DNA iliyokatika inaweza kuchanganya moja na nyingine, na kilichokuwa katikati kikapotea. Jeni ya BRCA1, inayotukinga na saratani ya matiti, imejaa Alu kwa asilimia 40 hivi, na baadhi ya familia zimepoteza vipande vyake kwa mtindo huo.

"Wakimbiaji wetu wana jeni ya mbio"

Kuna Alu yenye herufi 287 ambayo wengine wanayo na wengine hawana, katika jeni ya ACE inayohusika na shinikizo la damu. Mwaka 1998 watafiti waliiona kwa wingi zaidi kati ya wapanda milima Waingereza waliovuka mita 7,000 bila oksijeni ya mtungi, na gumzo likaanza: labda ndiyo siri ya Wakenya. Mwaka 2005 ikachunguzwa kwa wanariadha wa Kenya wenyewe. Haikuwa na uhusiano na mbio zao.

"ARV zinazuia saratani na uzee"

Dhana hii ina punje ya ukweli ndani, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. LINE-1 hugeuza RNA kuwa DNA, kazi ile ile inayofanywa na HIV, na dawa kama lamivudini huizuia kwenye maabara. Katika saratani nyingi LINE-1 hufunguka: uchunguzi mkubwa uliotolewa 2020, wa uvimbe karibu 3,000, ulikuta kopi mpya katika takriban asilimia 35 ya sampuli. Mara chache kopi hizo ndizo chanzo, kama ile iliyovunja jeni ya APC kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, iliyoripotiwa 1992. Mara nyingi seli imeshaharibika na kufuli zake zimelegea, na LINE-1 inapata mwanya.

Madaktari wamejaribu dawa hizo kwa watoto wenye ugonjwa nadra wa ubongo uitwao Aicardi-Goutières, na majaribio kwa saratani na magonjwa ya neva yapo. Hakuna hospitali inayoziandika kwa ajili ya uzee. Mzee mmoja jirani yangu Umoja alikuwa ameanza kumeza za binti yake, nusu kidonge kila usiku. Binti alikuwa akikosa dozi bila kujua kwa nini vidonge haviishii siku alizohesabu.