Hadi diski ya zamani, raba ya shule na Linux nyepesi

Ami mmoja mpiga picha, duka lake Kibokoni, Mombasa, aliniletea hadi diski imefungwa ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mkate wa sinia. "Fundi, hii wanasema imekufa," akaniambia, "lakini ndani mna harusi za watu." Harusi zenyewe ni za 2004 hadi 2009. Fundi wa kwanza alimwambia aitupe. Wa pili alimshauri ailaze kwenye friza usiku kucha.

Friza! Mji ambao kuta zake zenyewe hutoka jasho. Hadi diski nyingi zina kitundu cha kupumulia, na kitu baridi ukikitoa kwenye hewa ya Mombasa kinajaa matone papo hapo. Ukiiwasha hivyo, umeimaliza wewe mwenyewe. Kwa bahati ami hana friza dukani.

Diski yenyewe ilikuwa ya GB 80, ya IDE, ile yenye plagi pana ya pini 40 iliyotamba kabla SATA, ile ya plagi nyembamba, haijaingia sokoni 2003. Sikuiwasha. Niliigeuza, nikafungua skrubu za nyota na kuiinua bodi ya kijani. Chini ya bodi mna vidoa vya metali vinavyogusana na mota na vichwa vya kusomea, na ndivyo vinavyoliwa na hewa ya chumvi. Vya ami vilikuwa vyeusi kama masizi ya jiko la makaa. Nilivisugua polepole kwa raba ya penseli, ile ya watoto wa shule, kisha nikapangusa kwa spiriti na kuacha pakauke. Kwa niliyoyaona kwenye meza yangu, diski za nyumba za karibu na bahari zinazoitwa maiti mara nyingi zina ugonjwa huu, au kebo mbovu, au pawa saplai iliyochoka. Neno moja kabla sijaendelea: usibadilishe bodi na ya diski nyingine kwa kuwa tu zinafanana. Kwenye bodi nyingi mna chipu ndogo yenye vipimo vya diski ile ile, na bila kuihamisha chipu hiyo mara nyingi kazi yako ni bure.

Tazama jampa pia, kile kiplastiki kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski. Diski za IDE zinategemea kile kidude cha plastiki kiwe mahali pake, na nyingine zina nafasi ya jampa inayoipunguza diski hadi GB 32 ili kompyuta kongwe ziikubali. Nimewahi kuhangaika nusu siku na diski "iliyopungua". Tatizo lilikuwa kijiplastiki hicho.

Sasa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Watu hudhani naitumia kwa sababu ni ya bure. Sababu yangu kubwa ni adabu yake. Windows ikiona diski ngeni huanza kuandika: inatengeneza mafolda yake, inakuomba uiruhusu "kurekebisha", au inakwambia uifomati. Diski mgonjwa haitaki kuandikiwa hata herufi moja. Natumia antiX, Linux nyepesi inayotengenezwa Thessaloniki, Ugiriki, na wakati mwingine Puppy, aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Zote mbili zinawaka kutoka kwenye flashi na zinaweza kuhamia RAM nzima nzima, hivi kwamba diski ya mgonjwa haihitajiki kabisa kuendesha mashine. Mashine yangu ya kazi hiyo ni Pentium 4 ya biti 32. Ndiyo maana nimebaki na antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12 na ambayo bado ina toleo la biti 32; Debian 13 iliyotoka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine kama hizi.

Kwa nini Pentium 4 na si laptopu yenye adapta ya USB? Kwa sababu adapta nyingi za bei nafuu hazipitishi taarifa za afya ya diski. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye bodi mama ya kompyuta, amri ya smartctl -a inakusomea kila kitu. Mistari iko mingi, mimi natazama minne. Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kuharibika zikabadilishwa kwa za akiba. Namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua. Namba 198 ni zilizoshindikana ilipojikagua yenyewe. Namba 199 ikipanda, usiilaumu diski, badilisha kebo. Ya ami ilisoma sifuri kwenye 5 na 38 kwenye 197. Nilishusha pumzi.

Kabla ya jingine lolote, nilifunga mlango wa kuandika kwa blockdev --setro. Kisha nikaita ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa:

ddrescue -d -n /dev/sda harusi.img harusi.map

Amri hii haifungui mafaili. Inanakili diski yote kama ilivyo, inachukua kwanza palipo laini na kuruka palipo pagumu, ili ukifika kwenye vidonda uwe umeshakula nyama. Baadaye unaondoa -n na kuweka -r3, ijaribu mapengo mara tatu. Ile harusi.map ndiyo daftari lake: inaandika imefika wapi. Usiku ule stima ilipotea saa tano, feni ikanyamaza, na mimi nikalala. Asubuhi nilirudia amri ile ile na ikaendelea pale ilipoachia. Unapokopia kwa njia ya kawaida huna daftari, unaanza upya, na diski inachakaa zaidi. Jambo dogo ila linaudhi: diski unayonakilia isiwe imefomatiwa kwa FAT32, maana FAT32 haikubali faili la kufika GB 4. Mimi natumia ext4, fomati ya Linux.

Picha karibu zote zilitoka. Chache zilikuwa na rangi ya kijivu kuanzia katikati kwenda chini, kama pazia. Bwana harusi mmoja amebaki kichwa na kilemba. Ami alizikagua moja moja pale pale kwenye benchi huku akinitajia nani ameolewa wapi na nani ameachika.

Kisha akaniuliza kama diski imepona. Hapo ndipo nilipoiandikia kwa mara ya kwanza. Nakala ikiwa imeshakaa sehemu mbili tofauti, niliifungulia mlango wa kuandika na kuipitisha badblocks -w, amri ya kupima diski. Hii inafuta kila kitu: inaandika mipangilio minne ya namba kutoka mwanzo hadi mwisho na kusoma tena kila mmoja. Sekta zilizokuwa zikisubiri sasa zinalazimika kuamuliwa, ama zinaandikika vizuri au zinahamishiwa akiba. Ilipomaliza, 197 ikarudi sifuri na 5 ikawa 12. Diski yenye 12 zisizoongezeka naitumia. Ikiongezeka kila wiki, naichomoa.

Wenye GB 160 mjue hili: bodi mama nyingi za zamani huziona GB 137 tu, kwa sababu anwani zao za sekta zilikuwa na biti 28. Linux haiitegemei sana BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, basi mara nyingi inaiona diski yote, ila sehemu ya kuwashia iwe mwanzoni.

"Si niirudishie harusi?" akauliza. Nilimkatalia, akanuna kidogo. Harusi zimekaa kwenye diski mbili mpya, moja dukani na moja kwa binti yake Nyali. Hii kongwe nimemfungia ndani ya kompyuta ya kasha la mbao iliyo juu ya kabati, antiX juu yake, ext4 yenye noatime ili isiandike ovyo, na inampigia taarabu na mawaidha kutwa. Ikifa leo hapotezi ila nyimbo anazoweza kuzipata tena. Kwa intaneti ya siku hizi nisingempa. Kurasa zimekuwa nzito, na hapo SSD ndogo, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ingemfaa zaidi.

Ninachokihofia ni joto. Kaskazi ikivuma duka lile linakuwa tanuri, na diski nyingi mwisho wake ni nyuzi 60. Nilimwekea feni ya pawa saplai kuukuu ikiielekea moja kwa moja. Jana nimepita kunywa kahawa, nikasoma mistari yangu: 194, ule wa joto, unasema nyuzi 44, 5 bado ni 12, 197 sifuri.