Ukaguzi huru wa gereza ni nini?

Gereza hukaguliwa kila siku. Asubuhi kabla watu hawajatoka mabwenini wanahesabiwa, jioni wakifungiwa wanahesabiwa tena. Mkuu wa gereza anapita jikoni na zahanati, na mara kwa mara maofisa wa mkoa au wa makao makuu wanakuja kupitia rejista na stoo. Huo ni ukaguzi, tena wa lazima. Ila wote wanaoufanya wanavaa sare moja na wanapokea amri kwenye ngazi moja. Ukaguzi huru ni ule unaofanywa na mtu asiyekuwemo kwenye ngazi hiyo. Jeshi la Magereza halimpandishi cheo, halimlipi wala haliwezi kumhamisha, na sheria imempa haki ya kuingia gerezani, kuona anachotaka kuona, kuzungumza na amtakaye, kisha kuandika alichokikuta.

Kuutaka ukaguzi wa namna hii si kuwatuhumu askari magereza kwamba ni watu wabaya. Sababu iko kwenye hali ya gereza lenyewe. Mwanafunzi akipigwa kupita kiasi shuleni, jioni atarudi nyumbani na mama yake ataziona alama. Mfungwa analala palepale. Hawezi kuondoka, hawezi kupiga simu anapotaka, na anayetaka kumlalamikia huenda ndiye mwenye funguo, mwenye kupanga kazi za kesho na mwenye kumruhusu aende zahanati. Malalamiko yakipita kwa mtu huyo, yanaweza kuishia kwake.

Umoja wa Mataifa una kanuni za kuwatunza wafungwa tangu mwaka 1955. Zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015 zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 83 inataka ukaguzi wa aina mbili uende pamoja: wa ndani, unaofanywa na wenye magereza, na wa nje, unaofanywa na chombo huru. Kanuni ya 84 inaeleza mkaguzi awe na uwezo gani: apate takwimu zote za wafungwa na mahali wanapowekwa, achague mwenyewe gereza la kwenda hata bila taarifa, achague mwenyewe mfungwa wa kumhoji, na azungumze naye faragha. Ukiisoma kanuni hiyo vizuri utaona inazungumzia zaidi nani anachagua. Siku, mlango na mtu wa kuzungumza naye vikichaguliwa na mwenyeji, aliyekuja ni mgeni, hata kama ana cheo kikubwa.

Hapa Kigoma tumezoea kuona wageni wakiingia magerezani. Wakati wa Krismasi na Idi vikundi vya dini vinapeleka sabuni, sukari na mafuta ya kula. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanakwenda kuwasaidia mahabusu kuelewa kesi zao. Viongozi wa serikali wanapita na msafara. Yote hayo yana faida na nisingependa hata moja lipungue. Lakini ziara ya namna hiyo hutolewa taarifa mapema, uwanja unafagiliwa, na mfungwa wa kusoma risala anakuwa ameshaandaliwa. Mgeni anaonyeshwa bwawa la samaki na karakana ya useremala, anapiga picha ya pamoja, anaondoka. Bweni la mwisho kule nyuma hakuingia, na hakuna aliyemzuia. Hakuwa na sababu ya kuliulizia.

Mkaguzi huru anaanzia kule nyuma. Anaomba rejista ya watu waliomo, anachagua majina mwenyewe, tuseme kila jina la kumi, halafu anazungumza na kila mmoja mahali ambapo askari anaweza kuwaona lakini hawezi kuwasikia, pengine chini ya mwembe uwanjani. Wenye uzoefu wa kazi hii wanajali hata dakika. Wakizungumza na mmoja nusu saa na wengine dakika tatu tatu, usiku ule bweni zima litajua nani amesema. Kwa hiyo wanawahoji watu wengi kwa muda unaokaribiana, wakiwamo wasiokuwa na lolote la kulalamikia. Na baada ya wiki chache wanarudi bila kuaga, wanawatafuta walewale waliozungumza nao, wanaangalia kama wapo, wako bweni lilelile, hawajahamishiwa kazi ngumu. Kanuni ya 57 inakataza mfungwa kulipiziwa kisasi kwa sababu ya malalamiko. Bila safari hiyo ya pili, hakuna atakayejua kama katazo hilo lilifuatwa.

Katika gereza la wanaume faragha hii ina uzito wa pekee. Vitisho vingi huko havitoki kwa askari. Vinatoka kwa mfungwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nazo: kijana aliyewekwa na watu wazima, mgeni asiye na ndugu wa kumletea chochote, mgonjwa. Mwanamume aliyeingiliwa na wenzake hasemi mbele ya watu, na mara nyingi hasemi hata faraghani siku ya kwanza, kwa aibu na kwa hofu ya kuitwa jina litakalomfuata hadi uraiani. Ndiyo maana kanuni zinataka timu ya wakaguzi iwe na watu wa afya. Daktari anaweza kuuliza jambo hilo kama swali la matibabu, na akajibiwa.

Halafu kuna mnyapara. Kila aliyewahi kukaa ndani anamjua: mfungwa aliyepewa jukumu la kuwasimamia wenzake, kupanga nani alale wapi, nani aanze kuoga, nani abebe ndoo ya kujisaidia asubuhi. Gereza lenye askari wachache linaona haliwezi kwenda bila yeye. Lakini Kanuni ya 40 inakataza mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu juu ya wafungwa wenzake, na sababu yake ni rahisi: anayepanga nafasi ya kulala kwenye bweni lililojaa ana kitu cha kuuza. Mkaguzi wa ndani anaweza kumpita mnyapara asimwone, kwa kuwa amemzoea. Mtu wa nje atauliza huyu ni nani, amepewa kazi hii na nani, na kwa nini ana godoro wakati wengine wanalala sakafuni.

Kwa mkoa wetu kuna jambo jingine ambalo kanuni haziwezi kulitatua zenyewe, nalo ni lugha. Tumepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kwenye magereza ya huku wanakutwa watu wanaoshikiliwa kwa makosa ya uhamiaji, wengine wakiwa na Kirundi au Kifaransa tu, wengine wakitoka mbali zaidi, Ethiopia huko. Mkaguzi akitumia mfungwa mwenzao kutafsiri, faragha imekwisha. Akimtumia askari, afadhali angebaki ofisini. Lazima aje na mkalimani wake, na gharama hiyo iwemo kwenye bajeti toka mwanzo.

Baada ya watu, makaratasi. Hapa kazi inahitaji utulivu, na binafsi naona ndipo ukweli mwingi unapopatikana. Rejista ya adhabu inawekwa pembeni ya daftari la zahanati. Zahanati ikionyesha watu watatu wa bweni moja walitibiwa majeraha wiki moja, na rejista ya matukio wiki hiyo iko tupu, hapo kuna swali. Maharage yaliyoandikwa kupokelewa stoo yanagawanywa kwa idadi ya watu, kisha mkaguzi anakwenda jikoni wakati wa kupakua na kuangalia sahani. Vifo vyote vya miezi iliyopita vinatafutwa: nani alifariki, alianza kuugua lini, alifikishwa hospitali saa ngapi, ndugu walijulishwa lini. Kanuni ya 71 inataka kila kifo cha kizuizini kitolewe taarifa kwa mamlaka iliyo nje ya gereza, ili kichunguzwe na mtu asiyehusika.

Msongamano nao unapimwa kwa macho na kwa futi kamba. Ukubwa wa bweni, idadi ya watu, madirisha, choo kimoja kwa wangapi. Mahali ambapo watu wanalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka safu nzima igeuke, kifua kikuu kinapata njia rahisi, na hakiishii ukutani. Askari anayefungua bweni hilo alfajiri anarudi kula na watoto wake mchana, na mahabusu akiachiwa anapanda daladala kama sisi.

Usalama hauishii ndani ya ukuta pia. Hapa mkoani Gereza la Kwitanga linajulikana kwa michikichi, na Gereza la Ilagala lina mashamba. Mkungu wa chikichi ni mzito na una miiba, unakatwa kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, na anayesimama vibaya unamwangukia. Mkaguzi wa usalama wa gereza anapaswa kufika hadi shambani akaangalia kama watu wana viatu, kuna sanduku la huduma ya kwanza, na mtu akiumwa na nyoka anafikishwa zahanati kwa usafiri gani.

Baada ya hapo ripoti inaandikwa, na hatima yake ndiyo huonyesha kama ukaguzi una nguvu. Uingereza wana mfano wa muda mrefu. Kila gereza la England na Wales lina bodi ya wananchi wa kawaida wa eneo lile, wasiolipwa mshahara, ambao sheria ya mwaka 1952 inawapa haki ya kuingia kila sehemu na kumwona kila mfungwa. Mfungwa anaweza kuomba kuonana nao bila kupitia kwa askari, na kila mwaka bodi inatoa ripoti inayosomwa na yeyote. Mbali na bodi hizo yuko Mkaguzi Mkuu wa Magereza, ambaye hupima mambo manne: usalama, heshima, shughuli zenye manufaa, na maandalizi ya kurudi uraiani. Tangu mwaka 2017 akikuta hali mbaya sana anamwandikia waziri barua ya dharura, inatangazwa, na waziri anatakiwa kujibu hadharani ndani ya siku 28. Agosti 2018 Mkaguzi Mkuu, Peter Clarke, aliandika barua hiyo kuhusu gereza la wanaume la Birmingham, lililokuwa likiendeshwa na kampuni ya G4S. Wakaguzi walikuwa wameingia kwa kushtukiza wakakuta vurugu, uchafu, dawa za kulevya zikivutwa waziwazi. Serikali ikaingia na kulichukua gereza.

Wala si jambo la Wazungu peke yao. Afrika Kusini ina ofisi ya jaji mkaguzi wa magereza, na sheria yao ya mwaka 1998 inawataka wakuu wa magereza wamjulishe kila kifo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilianzisha mwaka 1996 nafasi ya mtaalamu maalumu wa kufuatilia hali za magereza barani.

Kwetu Tanzania, chombo kilicho karibu zaidi na maana hii ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa kwenye Katiba na kupewa sheria yake mwaka 2001. Sheria hiyo inaipa kazi ya kutembelea magereza na sehemu nyingine za kizuizi, kukagua hali za waliomo na kutoa mapendekezo. Majaji na mahakimu nao huingia, hasa kuangalia mahabusu ambao kesi zao zimekwama. Na viongozi wa juu wamewahi kuonyesha kwamba kusikiliza kunaleta matokeo: Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba jijini Mwanza, akawasikiliza waliomo, na muda mfupi baadaye baadhi ya mahabusu wakaachiwa. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini waliokuwa Gereza la Bangwe hapa Kigoma siku ile, au Gereza Kuu la Uyui kule Tabora, hawakuwa na msafara uliowafikia. Kinachoniuma ni kwamba mtu asikilizwe kwa bahati ya kuwa kwenye gereza lililopitiwa.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni ukaribu na uzoefu wa kurudia. Tume ina makao yake Dodoma na nchi ina magereza zaidi ya 120. Tungekuwa na wakaguzi wa mkoa, tuseme muuguzi mstaafu wa Kasulu, mwalimu wa Ujiji, mwanasheria mmoja, wenye kitambulisho cha kisheria na ruhusa ya kugonga mlango saa tisa usiku, mengi yangeonekana mapema, kabla hayajawa msiba. Hata askari magereza angenufaika. Yeye ndiye anayelinda bweni peke yake usiku na kuishi kwenye nyumba inayovuja, na malalamiko yake hupita ngazi ileile. Kanuni ya 84 inasema wazi kwamba mkaguzi azungumze faragha na watumishi pia.

Wenye ndugu ndani wanaweza kuanza leo na kilichopo. Kanuni ya 56 inamruhusu mfungwa kulalamika kwa uongozi mkuu wa magereza, mahakamani au kwa mamlaka nyingine husika bila barua yake kuchujwa, na inamruhusu wakili wake kulalamika kwa niaba yake, au familia pale yeye na wakili wasipoweza. Barua ya familia kwa Tume iwe na jina la gereza, tarehe, kilichotokea, nani aliona, na kama kulikuwa na matibabu. Mwulize ndugu yako kwanza kama anakubali jina lake litajwe. Asipokubali, andika bila jina lake, ukitaja bweni na wiki ya tukio, ili atakayekwenda ajue aombe kurasa zipi za daftari la zahanati.