Pasipoti siyo inayogawa jezi

Pale Kyadondo, uwanja wa raga wa Kampala, skramu (wachezaji wa pande mbili wakisukumana kugombea mpira) ikianguka na refa akiipanga upya, mashabiki hupata nafasi ya kubishana. Jumamosi iliyopita jirani yangu alishikilia kwamba fowadi aliyehama Uganda akiwa mdogo na kuchukua pasipoti ya Uingereza, Cranes ya raga, timu ya taifa ya Uganda, imeshampoteza. Mimi nikakataa. Tukawekeana dau la rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai.

Kanuni za World Rugby, shirikisho la raga duniani, haziangalii pasipoti. Zinauliza ulizaliwa wapi, mzazi au babu na bibi yako walizaliwa wapi, au kama umesajiliwa kucheza nchi hiyo tu kwa miezi 60 mfululizo (zamani ilikuwa kuishi huko miezi 36). Mtoto wa Mbale aliyekulia Leeds ni halali kwa Uganda mpaka achezee taifa jingine.

Mtazame Tendai Mtawarira. Alizaliwa Harare mwaka 1985, akahamia Durban bado kijana, na mwaka 2008 akaanza kuichezea Afrika Kusini kama propu, msukumaji wa mstari wa mbele wa skramu. Uraia wa huko aliupata 2010, tena baada ya wanasiasa kupiga kelele! Alistaafu na mechi 117 za kimataifa na Kombe la Dunia la 2019.

Na hata aliyekwisha kuchezea kwingine ana mlango. Tangu Januari 2022 mchezaji anaweza kubadili taifa mara moja, akikaa miaka 3 bila mechi ya kimataifa, mradi anakokwenda ndiko alikozaliwa yeye, mzazi, au babu na bibi. Miaka hiyo humuumiza winga, mkimbiaji wa pembeni, kuliko propu, maana propu wengi hukomaa wakikaribia 30.

Rolex yangu bado naidai, ya mayai mawili.